Dramu Zenye Jina la Duka

Siku binamu yangu alipofika na dramu zake, mimi ndiye niliyetumwa kwenda kupokea mizigo. Nilikuwa nimetoka palizi kwenye shamba la kijiji, mikono imejaa udongo, bibi akaniambia, "Nenda Kabuku na wenzio, shangazi yako anahamia leo, ana vyombo vingi." Nikadhani vyombo ni masufuria. Tulipofika barabarani basi la kutoka Korogwe lilikuwa limeshasimama, utingo yuko juu ya keria anateremsha kimoja kimoja: godoro, baiskeli, sanduku la bati, halafu kitu cha duara, chekundu, kinang'aa kama peremende iliyolambwa. Halafu kingine. Halafu kingine, halafu kingine tena, kikubwa kuliko vyote. Wauza ndizi waliacha ndizi zao wakaja kutazama.

"Taratibu hapo!" binamu alikuwa anapiga kelele kutoka chini. "Hilo siyo gunia la muhogo!"

Nilizijua kabla hazijagusa ardhi. Nilisoma sekondari Korogwe, na Jumamosi tulizoruhusiwa kwenda mjini wenzangu walikuwa wanakwenda kutazama vitambaa. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya dirisha la duka moja karibu na stesheni, ambako dramu hizo zilipangwa kama bwana harusi na wapambe wake. Kila moja ilikuwa na kibati cha manjano kilichoandikwa jina la duka lile. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akawa ananiuliza kama nimepotea. Miaka minne nilizitazama kupitia kioo. Sasa zimekuja mpaka kwetu, na si zangu, na natakiwa kubeba ile kubwa kichwani.

Niliibeba. Mwendo wa saa nzima. Binamu yeye alibeba vijiti viwili.

Lazima niseme kwa nini iliniuma hivyo, maana mtu atadhani ni utoto tu. Kijiji chetu kilikuwa kipya, mwaka wa pili tangu watu wahamie pamoja, na vijana tulikuwa tumeanzisha bendi. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa na gitaa, kijana mmoja wa Kimasai alijifunza kupiga la pili, na mimi nilikuwa napiga ngoma. Shuleni nilikuwa mpigaji wa ngoma ndogo kwenye bendi ya gwaride, miaka yote minne, kwa hiyo mkono ulikuwepo. Vyombo ndiyo havikuwepo. Nilipiga karai, debe la mafuta ya taa, na mfuniko wa sufuria uliofungwa kwa kamba. Watu walicheka, lakini walicheza. Na kulikuwa na habari kwamba Sabasaba ile kila tarafa itapeleka bendi moja Korogwe, na mgeni kutoka wilayani atapita kuchagua. Mimi nilikuwa nimeshajiona kwenye jukwaa pale Korogwe, mbele ya walimu wangu wa zamani, nimekaa kwenye kiti cha mpiga dramu. Nilikiwaza kiti hicho nikipalilia, nikichota maji, nikisonga bada ya muhogo.

Jioni ileile mwenyekiti wa kijiji akaja kuziona dramu. Akazizunguka mara mbili, akagonga ile kubwa kwa kidole, akasema, "Basi jambo limekwisha. Mwenye dramu ndiye mpigaji."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe tutakutafutia kayamba."

Hivyo tu. Karai langu alilichukua bibi akaanza kunyweshea vifaranga.

Sasa kwetu binamu ni mtani. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba hawakasirikiani. Anaweza kuniita mke wake mbele ya watu, mimi naweza kuchukua kofia yake nikaivaa mpaka ichakae, na hakuna kesi. Ukikasirika ndiyo umeshindwa. Kwa hiyo kila siku ya mazoezi nilikuwa natingisha kayamba huku nacheka kwa meno, na yeye kakaa pale juu.

"Mke wangu, tingisha vizuri, kayamba siyo ungo!"

"Mume gani anapiga ngoma kama anaua nyoka?"

"Nyoka mwenyewe wewe, macho yote kwenye dramu zangu."

Watu walikuwa wanakufa kwa kucheka. Lakini alikuwa amesema kweli, na alikuwa anapiga vizuri. Hilo ndilo sikulisema kwa mtu yeyote. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, hakufundishwa gwaride, alijifunza tu kwa kusikiliza bendi zinazopita Korogwe. Lakini mguu wake na mikono yake ilikuwa inaelewana kama ndugu wa tumbo moja. Nilikuwa namtazama natafuta kosa. Usiku nilikuwa naandika kwenye daftari makosa niliyoyapata. Ukurasa ule ulikuwa mfupi.

Siku moja, katikati ya juma, nikaichukua dramu yake ndogo. Sikuiba. Nilikwenda kwa shangazi, nikamwamkia, nikasema, "Shangazi, nachukua ngoma ya mume wangu, nikamwoneshe fundi," naye akacheka, akasema, "Chukua, hata yeye mwenyewe mchukue." Ndiyo utani huo. Nikaipeleka moja kwa moja kwenye karakana ya kijiji.

Fundi seremala wetu alikuwa mzee, naye ndiye aliyetengeneza ngoma zote za selo zinazochezwa upande wetu. Mimi nilikuwa namwita babu ingawa si babu yangu. Alinifundisha kupiga randa nilipotoka shule, hakuuliza kwa nini msichana anataka randa. Aliiweka ile dramu mapajani, akaigeuza, akainusa.

"Inanuka dukani," akasema.

"Babu, nataka kujua imetengenezwaje."

"Wewe unataka kujua au unataka uwe nayo?"

Nikachukua bisibisi nikaanza kufungua skrubu, moja baada ya nyingine, mpaka pete ya chuma ikatoka na ule uso mweupe wa juu ukaachia. Fundi akauchukua uso, akauinua kwenye mwanga, akaukwaruza kwa ukucha.

"Hii ngozi ya mnyama gani, haina hata kinyweleo?"

Mimi nilikuwa nimeshaingiza kichwa ndani ya dramu. Nilikuwa na haraka, sikutaka kuelezea mambo ya plastiki kwa mtu ambaye ataniuliza maswali kumi. Nikamjibu bila kumtazama, "Ng'ombe wa Ulaya, babu. Wameinyoa wakaipaka chokaa."

"Ala," akasema. "Watu hao kweli wana subira."

Jambo hilo likaishia hapo. Mimi nilikuwa naona mengine. Nilitegemea mti mmoja mzito uliochongwa, kama ngoma zetu. Ndani nikakuta mbao nyembamba zilizogandishwa, tabaka juu ya tabaka. Fundi akapitisha kidole ukingoni, akacheka mpaka akakohoa.

"Hili sanduku la chai hili!"

"Babu!"

"Nakwambia. Lile la chai kutoka milimani. Wamelilowesha, wamelikunja, wamelipaka rangi ya mdomo. Basi."

Ndani kabisa kulikuwa na karatasi ndogo imebandikwa. Kwa Kiingereza ilisema dramu hii imetengenezwa kwa ajili ya, halafu mstari mtupu, na juu ya ule mstari mtu alikuwa ameandika kwa penseli jina la duka la Korogwe. Kwa penseli! Nikakichokonoa kile kibati cha manjano. Chini yake kulikuwa na matundu mawili mengine ya skrubu yaliyozibwa, ya kibati kingine kikubwa zaidi. Nikaelewa. Mwenye duka hakuwahi kutengeneza dramu hata moja maishani mwake. Kuna kiwanda mahali fulani kinakunja masanduku ya chai siku nzima, na kila duka la dunia linaandika jina lake kwa penseli, halafu linapigilia kibati. Miaka minne nimesimama dirishani naheshimu jina la muuza sabuni na vitambaa.

Nilifurahi vibaya. Nilitamani binamu awepo nimsomee. Halafu furaha ikageuka kitu kingine, nikamwambia fundi, "Kama ni sanduku la chai tu, na sisi tunaweza."

Akanitazama. "Tunaweza. Lakini wewe hutaweza kusubiri."

Alisema kweli, mzee yule. Nilipima dramu yake kila upande kwa uzi na vifundo: upana, kina, unene wa pete. Niliirudishia skrubu zote na kuipeleka kwao kabla ya magharibi. Siku nyingine nikaenda mwenyewe nikapima zile nyingine, waziwazi, nikimwambia binamu napima sanda yake.

"Pima na yako," akasema, "tutazikwa pamoja, mke wangu."

Masanduku ya chai tulipata Lutindi, kwenye misheni ya zamani kule juu, walikuwa wanayatumia kuwekea nguo kuukuu. Fundi alikuwa amewatengenezea madirisha zamani, wakampa manne. Nilishuka nayo mlima ule mabega yakichubuka. Tukayabomoa, tukalowesha mbao zake kwenye pipa la maji siku mbili, tukazikunja kuzunguka gogo ambalo fundi alilichonga duara kwa kufuata uzi wangu. Tabaka la kwanza, gundi ya kuchemsha, tabaka la pili, halafu tukalifunga lote kwa kamba ya katani, nimekanyaga gogo kwa mguu navuta kama nafunga mzigo wa punda.

"Siku tatu," fundi akasema.

Siku ya pili asubuhi nilifungua kamba. Mbao zilikaa sekunde moja hivi, halafu zikafumuka, tabaka moja likaruka upande huu, jingine upande ule. Fundi alikuwa mlangoni.

"Gundi haikwenda sekondari," akasema. "Yenyewe inakauka kwa wakati wake."

Tukaanza upya. Pete za chuma alitukunjia mfua vyuma kutoka kwenye mikanda ya mapipa mabovu. Bolti tulitoa kwenye plau lililokufa. Nyaya za chini ya dramu ndogo ni waya wa breki za baiskeli niliouchambua mmoja mmoja mpaka vidole vikatoka damu. Sahani ya kugonga niliikata kwenye sinia la shaba la bibi, lile alilokuja nalo alipoolewa. Alinipa mwenyewe, akasema halijawahi kubeba pilau tangu njaa ile ya zamani. Kanyagio ni pedeli ya baiskeli na springi ya kiti chake. Ngozi ni za mbuzi wa Idi, zilizokuwa zimetandazwa ukutani kwa fundi zikisubiri kazi. Nilizinyoa kwa wembe, nikazilowesha, nikazikunja kwenye pete nyembamba za waya za kukaa chini ya zile za chuma, zikakaukia hapo zikiwa ngumu kama sahani.

Zilipokamilika hazikung'aa. Zilikuwa na rangi ya kahawia, na kwenye ile kubwa unaweza kuona bado herufi za sanduku la chai zimelala kwa upande. Lakini sauti yake! Sauti nene, ya tumboni. Zile za binamu zilikuwa zinalia kama mtu anayebishana; zangu zilikuwa zinaongea. Mwalimu wa gitaa alifumba macho.

Mwenyekiti akakuna kichwa. Sasa wenye dramu walikuwa wawili. Akasema, "Mgeni wa wilaya atasikiliza wote, ataamua mwenyewe nani anakwenda Korogwe."

Siku ya mgeni ilikuwa Alhamisi, baridi, mawingu tangu asubuhi. Ngozi za mbuzi hazipendi hali hiyo. Zinalegea, zinatoa sauti ya mto wa usufi. Ndiyo maana ngoma hupashwa moto. Za binamu hazikuhitaji kitu, zilikuwa zilezile jua na mvua, na hilo nalo lilikuwa linaniuma.

Alasiri fundi akawasha moto wa mabunzi ya mahindi na magome nyuma ya ofisi ya kijiji. Akazipanga ngoma za selo, akazipanga za kwangu. Halafu nikamwona anatoka ofisini amekumbatia dramu nyekundu za binamu, ile ndogo na mbili za kati.

Kwetu ngoma ya mgeni ndiyo hukaa karibu zaidi na moto. Ni heshima, sawa na kumwekea mgeni kiti upande usio na moshi. Na binamu, kwa ngoma, alikuwa bado mgeni. Alikuwa amehamia juzi tu. Fundi akazitanguliza mbele ya zote, uso ukielekea moto, akazisogeza kwa mguu kidogo, kwa upendo.

Akaniambia, "Mjukuu wangu, nakwenda kuswali. Ziangalie hizi. Uwe unazigeuza, usije ukazikausha kupita kiasi."

"Haya, babu."

Akaenda. Binamu alikuwa kisimani anaoga. Nilibaki peke yangu na moto.

Nataka kuandika ukweli hapa. Nilijua. Shuleni tuliwahi kuchoma kitana cha plastiki kwenye moto wa jikoni, tukaona kinavyojikunja na kunuka. Nilijua uso ule ni kitu kimoja na kitana. Nilikuwa na muda. Swala ya alasiri ni rakaa nne, na fundi anaswali taratibu. Ningeweza kunyanyua mkono tu. Nilinyanyua mkono, nikageuza za kwangu. Nikageuza za selo. Nikageuza tena za kwangu.

Kwanza ule weupe ukawa kama maziwa yaliyoanza kuganda. Halafu katikati pakazama kidogo, kama shavu la mtu anayefyonza. Halafu harufu ikaja. Nikajiambia, labda itaishia hapo. Tundu likafunguka, dogo, likapanuka lenyewe bila sauti yoyote. Ya pili ikafuata. Ya tatu ilijikunja ikang'oka kwenye pete.

Fundi alirudi akiwa na maji bado kwenye ndevu. Alisimama. Sijawahi kuona mtu mzima akitazama mikono yake mwenyewe kwa namna ile.

"Ngozi gani hii?" akasema. Hakuniuliza mimi, aliuliza moto.

Binamu akaja anakimbia, taulo shingoni, watu nyuma yake. Mtu mmoja akaropoka, "Nani kachoma?" Kabla sijapumua fundi akasema kwa sauti, mbele ya wote, "Mimi. Mimi ndiye niliyeziweka. Nimepasha ngoma miaka yote na sijawahi kuunguza hata moja. Leo nimeunguza ya mtoto wa watu."

Mimi nilikuwa nimekaa palepale na kijiti mkononi. Hakuna aliyenitazama.

Binamu alitoa taulo shingoni. Halafu akamwinamia fundi, akasema, "Shikamoo, babu. Usijali. Ni vitu tu." Na kwangu akasema, akijaribu kucheka, "Mke wangu, hata moto umenipenda kuliko wewe."

Mgeni wa wilaya alifika na Landrova. Aliyepiga ni mmoja tu. Nilipiga vizuri; naweza kusema hivyo, maana nilikuwa nimejaa kitu ambacho hakikuwa na pa kutokea ila mikononi. Mgeni akasimama, akapiga makofi, akasema amefurahi sana kuona vijana wanajitegemea hata kwa vyombo, na akaandika. Kina mama wakapiga vigelegele. Kiti kikawa changu. Binamu ndiye aliyeniletea maji ya kunywa.

Nililala vibaya lakini nililala. Nilijiambia: ni utani. Mtani anaweza hata kuchukua sanda. Angefanya yeye, watu wangecheka mpaka mwaka mwingine.

Kesho yake karakana haikufunguliwa. Nikaenda nyumbani kwa fundi, nikamkuta njiani anatoka, kavaa kanzu ya Ijumaa, anavuta kamba, na mwisho wa kamba kuna mbuzi wake wa maziwa. Alikuwa naye mmoja tu. Nikamwamkia, nikauliza anakwenda wapi.

"Kwa shangazi yako. Nimeharibu mali ya mwanawe."

Nilimfuata nyuma kama mtoto. Kila hatua nilisema nitamwambia kwenye mti ule, nitamwambia kwenye kona ile. Tukafika. Shangazi akatoka na mkeka, binamu akatoka nyuma yake. Fundi akamfunga mbuzi kwenye nguzo, akaanza kusema maneno yake ya kuomba radhi, yale marefu, ya watu wazima.

"Babu, mfungue mbuzi," nikasema.

"Wazee wanazungumza."

"Mfungue. Mimi nilijua." Nilikuwa naongea haraka, kama kawaida yangu. "Ile siyo ngozi. Ni plastiki. Nilijua tangu siku ile tulipoifungua."

Fundi akageuka polepole. "Nilikuuliza ngozi ya mnyama gani."

"Ndiyo."

"Ukasema ng'ombe wa Ulaya."

"Ndiyo, babu."

"Na jana nilipokwenda kuswali?"

"Nilikuwa nimekaa hapohapo. Niliona."

Halafu binamu akapasuka kicheko, akajipiga paja. "Haya ndiyo mambo! Mama, umesikia? Huyu mtani kanipata! Kanichoma mchana kweupe! Mke wangu, subiri na mimi nikupate!" Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Nilielewa hilo, na nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba yeye anaweza.

Fundi hakucheka. "Wewe na yeye mna utani," akamwambia binamu. "Mimi na yeye tuna utani?"

Akanigeukia.

"Nilikuuliza wewe," akaniambia, "kwa sababu umesoma."

Akamfungua mbuzi, akaondoka. Hakunitukana, hakunilaani. Ningependa angenitukana.

Sabasaba ilikuwa imebaki siku tisa. Plastiki kama zile hazikupatikana Korogwe, duka lenyewe limefungwa, na hata Tanga binamu aliulizia akaambiwa hakuna. Ngozi mbichi haikauki vizuri kwa baridi ile. Ngozi kavu zilizokuwa tayari kijiji kizima zilikuwa juu ya dramu zangu. Na kwa sababu nilipima kwa uzi, kwa wivu, bila kukosea hata unene wa ukucha, pete zangu za waya zenye ngozi ziliingia kwenye dramu zake kama kofia yake mwenyewe. Nilizihamisha jioni moja, skrubu baada ya skrubu. Nilimpelekea.

Alizigonga. Akanitazama. "Na wewe utapigia nini?"

"Nitatingisha kayamba."

"Tupokezane. Wimbo wako, wimbo wangu."

"Piga wewe. Nikikaa pale babu ataniona."

Sikusema kwa wema. Mpaka leo sijui kama ilikuwa wema. Nilikuwa naona aibu zaidi ya kutaka kiti, na nilikuwa natumaini kidogo, kidogo tu, kwamba Korogwe atapiga vibaya.

Alipiga vizuri. Asubuhi ya Sabasaba kulikuwa na ukungu unatoka mtoni, uwanja umejaa watu, na mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa nimewasha moto wa mabua, nazipasha ngozi zangu moja moja, nazipeleka juu, nazishusha, nazigeuza. Nilinuka moshi. Walimu wangu wa zamani walikaa mstari wa mbele na hawakuniona kabisa. Sauti nene, ya tumboni, ilitoka kwenye dramu nyekundu zenye kibati cha manjano, na watu wakasimama. Nilitamani mvua inyeshe. Halafu nilipoona wingu kweli, nikakimbia kuongeza mabua.

Mtu mmoja wa duka la ushirika alikuja baada ya kupiga. Akamuuliza binamu, "Kijana, dramu hizi za duka gani? Mbona zina sauti hivi?"

Binamu akaninyooshea kijiti. "Muulize mke wangu yule mwenye majivu. Ngozi zake."

Yule mtu akanitazama toka kichwani mpaka kwenye khanga yangu iliyoungua pindo, akatabasamu kwa adabu. Halafu akainama kusoma kibati.

Lakini lazima alikuja kuuliza zaidi, maana baadaye mwaka uleule ushirika ulituletea kijijini agizo la seti tatu, kwa bendi za shule na vijana, za bei ya chini, zitengenezwe kama zile za kahawia. Vibati walivileta wenyewe, vimeshapigwa chapa ya jina la duka lao. Fundi aliifungua karakana. Tulifanya kazi siku nyingi bila kusemeshana ila "nipe gundi" na "shika hapa". Siku tatu za kukauka nilisubiri zote tatu, na nyingine moja juu.

Vibati nilivipigilia mimi, kwa mkono wangu. Nikipita Kabuku nasikia watu wanasema dramu za ushirika, dramu za ushirika nzuri. Nauma mdomo. Kiti cha bendi yetu bado anakalia binamu, na bado natafuta makosa yake.

Ila kabla ya kufunga uso wa kila dramu nilikuwa nabandika karatasi ndani. Mara ya kwanza fundi alisimama nyuma yangu.

"Umeandika nini? Jina lako?"

"Hapana, babu. Nimeandika: hii ni ngozi. Ipashwe moto, igeuzwe."

"Ngozi ya mnyama gani?"

Nilitaka kugeuka nimjibu haraka. Nikaweka bisibisi chini kwanza.

"Mbuzi, babu."

"Basi andika mbuzi," akasema, akaenda kuchochea moto wa gundi.